Wifi Yangu Hakujifungua Kwenye Basi

Habari iliyofika Garissa kabla yangu, kwamba wifi yangu alijifungua kwenye basi njia ya Modogashe, si ya kweli. Hakuna mtoto. Mwalimu wa Sayansi aliyenunua kofia ya sufu ya mtoto anaweza kuirudisha dukani.

Tangu nirudi nimeisimulia safari hii vipande vipande kwenye foleni ya chai, kila mwalimu akitaka kipande chake, na sasa naona kuna watu wana mwanzo bila mwisho na wengine wana mwisho bila mwanzo. Nimeiandika yote. Mambo ya tiketi na vibali nimeyaacha, kwa sababu hayakuwa na raha yalipotokea na hayawezi kuipata leo.

Kwa wasioijua familia yetu: mdogo wangu Abdi anaishi Lyon, Ufaransa, anaoka mikate. Mwaka juzi alimwoa Kadiatou, Mfulani kutoka Guinea aliyekulia huko huko Lyon, bila kumwambia mama. Mama yetu, Hooyo tunavyomwita sisi Wasomali, yuko Elwak na mbuzi wake. Habari ya harusi aliipata kwa jirani aliyeonyeshwa picha kwenye simu. Hooyo aliitazama ile picha, akasema bibi harusi ni mzuri, na kuanzia siku hiyo akaacha kuongea na mwanawe. Hakugomba wala hakulaani. Abdi akipiga, simu inalia mpaka inachoka.

Kisha Abdi akanitumia ujumbe: "Kadi anakuja. Anataka kumsalimia Hooyo. Mimi sitaweza. Mpokee." Hapo kwenye "sitaweza" nilisoma kwamba kazini hawakumpa likizo.

Kadi hana Kiswahili, Kisomali wala Kiingereza cha maana. Nikapakua masomo ya Kifaransa kwenye simu.

Garissa

Mnajua nimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu, na kiambishi -ji- ni kama mtoto wangu wa kumzaa. Kwa hivyo masomo yalipofika kwenye vitenzi vya kujirejea sikuwa na wasiwasi. Kumbe Mfaransa ameipeleka -ji- yake mahali ambapo sisi hatukuwahi kuifikisha. Sisi tunaamka, yeye hujiamsha. Sisi tunasimama, yeye hujisimamisha. Hujivisha, hujilaza, hujitembeza. Hata jina hajaitwa na mtu, anajiita mwenyewe, kana kwamba wazazi wake hawakuwepo siku hiyo. Niliona ni watu wenye shughuli nyingi kabla ya chai ya asubuhi.

Nilikariri. Nilikariri nikifua, nikisimamia mitihani, na nikiwa kwenye mkutano wa wazazi, samahani mwalimu mkuu.

Kadi alishuka kwenye basi la Nairobi, mrefu, mwembamba, paji pana, na mtandio umefungwa vizuri. Wafulani na Wasomali wanafanana kuliko nilivyotarajia. Watu kadhaa walikuwa wamemsalimia kwa Kisomali kabla sijamfikia, na alikuwa akiwajibu kwa kutabasamu, jambo ambalo hapa halihesabiwi kuwa jibu.

"Bonjour," nikasema. "Je m'appelle Habiba. Je me réveille à cinq heures. Je me lève. Je me lave. Je m'habille."

Yaani: naitwa Habiba, naamka saa kumi na moja, nainuka, naoga, navaa. Hayo ndiyo masomo niliyokuwa nimemaliza, na sikuona sababu ya kubakiza. Kadi alisimama juani na begi lake begani, akanisikiliza mpaka nikamaliza kuvaa.

"Moi aussi," akasema. Mimi pia. Kisha akanikumbatia.

Nyumbani nilimpikia wali na kuku. Yeye naye alikuwa amejifunza maneno ya Kiswahili kutoka kwenye sauti nilizokuwa nikimtumia, na -ji- ilikuwa imempendeza sana. Kila kitenzi nilichompa aliuliza kama inaingia.

"Kufunga," akasema. "Moi, najifunga?"

"Ukiwa na mkanda, ndiyo. Unajifunga mkanda."

Akaliweka hilo akilini. Laiti ningelijua, ningeendelea na somo mpaka mwisho.

Tukila, nikamuuliza habari za Abdi. Nilisema tu "Abdi?" na kuinua nyusi, maana nyusi hazina sarufi. Kadi alitazama sahani yake. Akasema, "On s'est séparés."

Nikasikia "on s'est parlé." Kitenzi "parler", kuzungumza, nilikijua vizuri, kilikuwa kwenye somo la kwanza kabisa. Wamezungumza, mtu na mkewe, kuhusu safari. Jambo jema.

"Très bien!" nikamwambia. Vizuri sana.

Kadi akaniangalia. Akarudia polepole, sauti ya chini: "On s'est séparés, Habiba."

"C'est bon!" nikasema. "Tous les jours!" Ni jema, mfanye hivyo hivyo kila siku.

Alicheka kile kicheko kinachotoa machozi, akajipangusa kwa ncha ya mtandio, akashindwa kuacha kucheka. Nikadhani ni pilipili, nikamletea maji.

Garissa hadi Modogashe

Basi lilikuwa na mkanda mmoja tu uliokuwa ukifanya kazi, na kiti chenye mkanda huo ndicho alichopewa mgeni. Kadi akajifunga. Mkanda ukasema ka, ukakubali, na kama ilivyodhihirika baadaye, ukakubali moja kwa moja.

Upande wa pili wa njia ya katikati ya basi alikaa bibi mmoja wa Habaswein, Ayeeyo Dahabo. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali. Alimsalimia Kadi, akamuuliza anatoka wapi, akamuuliza watu wa kwao wanaendeleaje na mifugo, na aliposhindwa kupata jibu akanigeukia mimi.

"Binti yenu anajivuna," akasema.

"Hajui Kisomali, Ayeeyo. Ni Mfulani."

"Wafulani ni ukoo wa upande gani?"

"Si Wasomali. Wako Guinea, Afrika Magharibi. Nao ni wafugaji, wa ng'ombe."

Ayeeyo Dahabo akamchunguza Kadi usoni, puani, vidoleni. Akakata kauli kwamba ni watu wetu waliotangulia kutafuta maji upande wa magharibi, mvua ikanyesha huku nyuma na hakuna aliyetumwa kuwaita. Kuanzia hapo alikuwa akimwonea huruma.

Mimi nikalala. Hilo ndilo kosa langu pekee katika mambo yaliyofuata.

Niliyosimuliwa ni haya. Kadi alitaka kushuka kidogo basi likisimama, akaubonyeza mkanda, mkanda ukakataa. Akakazana nao. Akaona aibu kuniamsha. Akafikiri peke yake, kwa akili nzuri kabisa: kama kufunga mkanda ni kujifunga, basi kuufungua ni nini? Akanyosha mkono kumwita kondakta, akatamka kwa adabu na kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma:

"Bwana, tafadhali. Nataka kujifungua."

Kondakta akaganda. "Sasa?"

"Sasa, sasa. Nimejaribu. Inakataa."

Mimi niliamshwa na ukimya. Basi limesimama katikati ya pori, hakuna mwanamume hata mmoja ndani. Wote walikuwa chini ya migunga, wamegeuka kuitazama njia ya Garissa. Wanawake wawili wamenyosha shuka kama pazia. Mwingine amefungua chupa ya chai, kwa kuwa ndiyo maji ya moto yaliyokuwepo. Ayeeyo Dahabo amekunja mikono ya nguo mpaka viwikoni. Nje kondakta anapiga kelele kwenye simu, kwa Kiswahili chetu cha Wasomali kisicho na p: "Hapana, si bancha! Ni mama, ametaka kuzaa! Leta gari, lakini bole bole, barabara ni mbaya!"

Katikati ya pazia, macho yamemtoka, Kadi ameukamata mkanda kwa mikono miwili. "Habiba! Je veux me détacher!" Yaani: nataka kuufungua mkanda.

"Wote ndio husema hivyo," Ayeeyo akamtuliza kwa Kisomali, akampapasa tumbo. Akapapasa tena, upande wa kushoto, upande wa kulia. Akanitazama. "Hakuna kitu hapa," akasema, kwa masikitiko kama ya mtu aliyefika harusini akakuta sufuria zimeoshwa.

Nilieleza kwa Kisomali. Nikaeleza kwa Kiswahili. Mwanamke mmoja aliyeshika pazia alianza kutikisika, na pazia likatikisika naye. Dereva akaja na bisibisi, akaung'oa mkanda wote na msingi wake.

"Alhamdulillahi," kondakta akawatangazia wanaume kule chini ya miti. "Amejifungua salama."

"Nini?" wakauliza.

"Mkanda."

Hii ndiyo habari iliyowafikia. Gari aliloliita kondakta lilikuwa limekwisha kuondoka Modogashe na lilitukuta njiani likiwa na mkunga, mkoba wake na godoro. Mkunga alikubali chai.

Nilipomweleza Kadi alichokuwa akikiomba, alijifunika uso kwa mtandio na hakutoka humo kwa muda. Lakini baada ya hapo hakuna aliyesema anajivuna. Watu walimpitishia tende, biskuti, ndizi. Kila aliyepita kwenda kushuka alimuuliza mama na mkanda hawajambo.

Habaswein

Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, na laga, ule mto wetu wa msimu ambao siku nyingine ni mchanga mtupu, ulikuwa umejaa maji mekundu yaendayo kasi. Magari yalikuwa yamejipanga. Dereva wetu alikwenda kuyatazama maji, akarudi, akavua viatu, akajilaza chini ya basi. Tukaelewa kuwa tumefika kwa siku hiyo.

Ayeeyo Dahabo akatuchukua hadi kwenye hoteli ya binti yake, banda safi la mabati. Ikaletwa sinia ya wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu juu yake. Kadi akaiondoa ndizi kwa heshima, akaiweka kando kama kitindamlo. Ayeeyo akairudisha. Kadi akaiondoa. Ayeeyo akaimenya, akaikatia ndani ya wali, akamtazama.

Kadi akala. Akafikiri. "Je m'habitue," akasema. Najizoesha.

Kondakta na abiria wengine wawili walikuwa wamesimama karibu, wakingojea sinia yao. Kadi aliyelelewa vizuri hawezi kula huku wengine wamesimama. Kwa Kifaransa ungemwambia mtu "servez-vous", jipakulie. Mahali fulani alikuwa ameona kwamba "servir" ni kusaidia. Akawaonyesha chakula kwa mkono wazi, akatabasamu.

"Karibuni," akasema. "Jisaidieni. Hapa, hapa. Jisaidieni wote."

Nilikuwa na wali mdomoni.

Kondakta, ambaye namheshimu sana tangu siku hiyo, aliweka mkono kifuani. "Asante, abaayo," akamwambia. Abaayo ni dada. "Mimi nimetoka sasa hivi."

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Ayeeyo Dahabo alikuja kutuaga na kidumu cha maziwa ya ngamia. Akamshika Kadi mikono, akasema maneno marefu, akaniamuru nitafsiri: amwambie mama mkwe wake kwamba wanawake wa Habaswein wamempapasa, bado hana kitu, lakini ana mifupa mizuri na Mungu ni mkarimu. Nilitafsiri nilichoweza. Nilipofika kwenye "mama mkwe" Kadi aliutoa mkono wake, akaingia ndani ya basi, akageukia dirisha. Hakugeuka mpaka Wajir.

Nilidhani ni maziwa. Yana moshi kidogo kwa asiyeyazoea.

Wajir

Tulipata chumba katika nyumba ya wageni yenye kuta nyeupe za chokaa na kivuli uani. Gari la kwenda Elwak lilikuwa linaondoka kesho yake. Tukaketi mkekani na chai. Nikaona nichangamshe mambo. Nikatumia vitenzi vyangu vyote. Nikamwambia kwamba akirudi Lyon, Abdi ajiamshe, ajiinue, ajitayarishe, na mwakani waje pamoja.

"Habiba," akasema. "Nilikuambia."

"Mlizungumza, ndiyo. On s'est parlé."

Akakichukua kikombe chake akakiweka kando ya changu, vikagusana. Akanyosha kidole: Abdi, Kadi. Halafu akakisukuma kimoja, polepole, kikapita mkeka, kikafika kwenye saruji.

"On s'est sé-pa-rés." Tumeachana.

Nilivitazama vikombe. Nikakumbuka "très bien". Nikakumbuka "c'est bon". Nikakumbuka "kila siku". Sikuwa na Kifaransa cha kutosha kwa hali ile, na ninavyoona sasa, hata Kiswahili sikuwa nacho. Nikasema "pardon" mara nyingi, mpaka yeye ndiye akaanza kunibembeleza mimi.

Kwa maneno yake, yangu, na ya simu iliyokuwa ikitutafsiria vibaya, niliyapata mengine jioni ile. Abdi anaoka mikate usiku na analala mchana. Yeye Kadi analea watoto katika shule ya chekechea mchana na analala usiku. Hilo walilizoea. Lisilozoeleka ni kwamba Abdi aliacha kuongea. Akiulizwa, anajibu, asipoulizwa, hakuna kitu. Wiki baada ya wiki. Mwisho ni Kadi aliyefungasha.

"Il se tait," akasema. Ananyamaza. Kwa Kifaransa hata hilo lina -ji-: mtu hujinyamazisha, kama anayejifunga mdomo kwa mkono wake.

Nilimuuliza sasa anakwenda Elwak kufanya nini. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sisi wengine katika familia hatukulijua. Hooyo, ambaye hapokei simu ya mwanawe, alikuwa akimpigia Kadi kila Ijumaa.

Alianza mwenyewe. Ijumaa moja alipiga, Kadi akapokea, wakatoleana salamu, wakaombeana dua. Kiarabu cha ibada kilipowaishia, Hooyo akaanza kusema kwa Kisomali, na Kadi akamjibu kwa Kifulani, lugha ya mama yake, kwa kuwa aliona kama haeleweki ni afadhali asieleweke kwa lugha anayoipenda. Wakawa hivyo kila wiki. Mmoja anasema, mwingine anangoja, kisha wanabadilishana.

"Na Abdi?" nikauliza.

Abdi alikuwa anakaa jikoni, mlango wazi, akisikiliza sauti ya mama yake.

Sasa Kadi hakutaka Ijumaa moja simu ilie na yeye aendelee kuitika kana kwamba bado ni mke wa mtu. Wala hakuwa na namna ya kumwambia Hooyo kwa simu, maana hapakuwa na lugha ya kumwambia. Kwa hivyo alikuja.

Nilimpigia Abdi. Hakupokea. Nilimwandikia maneno ambayo sitayaweka hapa, halafu nikayafuta, nikamwandikia: "Tumefika Wajir salama."

Wajir hadi Elwak

Tulipanda gari la mizigo la mfanyabiashara wa vitunguu, sisi wawili mbele na dereva. Vitunguu vilinukia vizuri mpaka jua lilipopanda. Tairi lilipasuka mara moja, na mara nyingine tuliwangoja ngamia ambao hawakuwa na haraka.

Kadi alitaka kumwambia Hooyo mwenyewe. Hakutaka mimi niseme kwanza. Nikamfundisha kwa Kisomali: *waan kala tagnay*, tumeachana. Akawa anairudia. Akairudia kwenye mashimo, akairudia tukibadilisha tairi. Dereva, ambaye alikuwa haelewi tumetoka wapi na maneno haya, alimsikia akisema "tumeachana, tumeachana" kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama ni yeye amefanya kosa.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu nyingine kichwani. Hooyo angeuliza kwa nini. Na sababu niliyokuwa nayo, nikiigeuza huku na huku, ilikuwa inaanzia kwake. Abdi alikuwa mtoto wa maneno mengi. Tulikuwa tunamnyamazisha wakati wa sala. Nilijua vizuri siku aliyoacha kusema, na aliyemfundisha. Lakini Hooyo ni mama yangu, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumwambia Hooyo kwamba kosa ni lake.

Elwak

Hooyo alikuwa mlangoni, amepungua, amejitanda shali yake nzuri. Alimshika Kadi uso kwa mikono miwili kabla ya salamu. Kadi, aliyekuwa amelibeba lile neno tangu Wajir kama mtu aliyebeba maji viganjani, hakuweza kulishikilia zaidi.

"Hooyo," akasema. "Waan kala tagnay."

"Na nani?" Hooyo akauliza. Akachungulia nyuma yetu. "Na dereva?"

Hakuna aliyecheka. Kadi alitikisa kichwa, na machozi yakamwanza. Hooyo akanigeukia. "Habiba, mtoto anasema nini?"

"Anasema yeye na Abdi, Hooyo. Wameachana."

Hooyo alimwingiza ndani, akamkalisha, akampa maji. Kisha akaanza kuuliza, macho yake kwa Kadi na maneno yake kwangu.

"Alimpiga?"

Nikamuuliza. Hapana.

"Alimnyima chakula?"

Hapana. Ni mwoka mikate.

"Ana mwingine?"

Hapana.

"Basi alifanya nini?"

Kadi alitafuta neno, akarudi kwenye lile lile. "Il se tait," akasema. Akauziba mdomo wake kwa kiganja, kuonyesha.

"Ananyamaza," nikatafsiri.

"Tangu lini?"

Swali hilo sikulitafsiri. Kadi alinitazama akingojea, na sikulitafsiri. Nikalijibu mwenyewe, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Tangu uliponyamaza wewe, Hooyo."

Hooyo aliinuka, akatoka uani, akaanza kuwafungia mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kufungiwa. Akafungua, akafunga. Kadi aliniuliza nimesema nini. Nilijaribu kumwambia, na nadhani safari hii Kifaransa changu kilieleweka, kwa sababu alinishika mkono akaubana, na tukakaa hivyo, wote wawili tukiogopa mwanamke mmoja mfupi na mbuzi wake.

Chakula kilipoiva, Hooyo alimpakulia Kadi kwanza. Alingoja mpaka akala tonge la tatu au la nne.

"Mwambie hivi," akaniambia. "Aliyeachana naye ni Abdi. Mimi na yeye hatujaachana. Ijumaa nitapiga kama kawaida."

Nilitafsiri kwa Kifaransa kisicho na kitenzi hata kimoja kilichosimama sawasawa: Hooyo na wewe, hapana séparées, Ijumaa, simu, kama jana. Kadi alielewa. Aliliweka tonge chini, akaegemeza kichwa begani kwa Hooyo, na Hooyo akamwacha, akiendelea kula kwa mkono mmoja.

Mnaouliza kama walirudiana: hawakurudiana. Kadi alikaa Elwak mpaka siku zake za likizo zikaisha, akajifunza kukamua, akapigwa teke na mbuzi, akarudi Lyon kwenye nyumba yake mwenyewe. Na mnaouliza kama bado namwita wifi, ndiyo, namwita.

Lakini asubuhi iliyofuata, kabla ya hayo yote, Hooyo alikunywa chai yake, akaimaliza, akaosha kikombe. Akanipa simu.

"Mtafute," akasema. "Weka sauti, sisikii vizuri."

Iliita mara moja tu. Ikapokelewa, na hapakuwa na neno upande wa pili, pumzi tu.

"Abdi," Hooyo akasema.

"Hooyo."

Wakanyamaza wote wawili. Nilitamani kuingilia, Kadi akanizuia kwa kidole.

"Unakula?" Hooyo akauliza.

"Nakula, Hooyo."

"Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Unajipikia," Hooyo akasema.

"Ndiyo."

"Unajipikia nini?"

"Wali."

"Wali na nini?"

"Wali tu, Hooyo. Na chumvi."

Hooyo alinitazama, akamtazama Kadi, kama anayetaka mashahidi. Kisha akaitoa simu mkononi mwangu, akaibana sikioni japo sauti ilikuwa bado juu, akageukia ukuta, akaanza kumweleza mwanawe, polepole na kwa ukali kidogo, jinsi vitunguu vinavyokatwa, moto unavyopunguzwa, na wakati wa kutia nyama.

Sisi tulichukua madumu tukatoka kwenda kuteka maji. Kisima kiko mbali, na palikuwa na foleni. Tuliporudi bado walikuwa kwenye vitunguu.